Chembe Nne

Mizani ya kupimia baruti niliachiwa na mjomba Urho,
sahani yake ndogo kama kifuniko cha chupa.
Kabla ya kuiamini naijaribu kwa sarafu ya senti tano:
chembe sabini na saba. Inasema kweli.
Nje ni Oktoba. Theluji ya kwanza ya Pelkie
inagusa bati, inayeyuka, inarudi kugusa.

Kutwa nzima posta nimepima vifurushi vya watu:
soksi za mjukuu aliye jeshini, jamu ya beri,
kitabu kinachorudishwa bila kusomwa.
Wakia ikizidi nadai senti, hakuna anayelia.
Usiku napima vyangu.

Mishale kumi na miwili, kando ya birika la kahawa.
Naulaza mmoja juu ya kidole cha shahada
hadi utulie, usiiname huku wala huku.
Nusu ya urefu wake nimeitia wino,
lakini uzito hautaki kukaa nusu;
unakaa mbele, upana wa vidole vitatu,
karibu na chuma.

Kaka yangu Reino ni mtu wa wepesi.
"Aili, mshale mwepesi hufika
kulungu hajausikia ugwe."
Hufika, kweli.
Hufika mikono mitupu.

Novemba iliyopita nami nilikuwa mtu wa wepesi.
Hatua ishirini na mbili. Nililenga chembe cha moyo.
Mshale ukaondoka ukipiga mkia kama samaki,
ukaingia begani, robo ya wano, ukagoma.
Tulifuata damu kwa kurunzi mpaka kwenye mierezi:
tone, nusu ya tone, kisha majani mekundu tu,
mekundu ya msimu, hayana habari.
Mshale tuliukuta chini ya mti
alipojisugua akaung'oa mwenyewe.
Asubuhi kunguru walijua alipo.
Sisi hatukujua.

Kwa hiyo nimeongeza mbele.
Shaba ndani ya shingo ya wano, chembe hamsini.
Kigumba cha makali mawili, kinene, kisicho na madaha.
Ukiongeza mbele wano hulegea,
hujipinda likitoka upindeni kama mjeledi,
basi ulikate. Nusu inchi. Tena robo.
Ukikata mno, umeharibu fedha ya wiki.
Nimeharibu mawili.

Natundika gazeti kwenye fremu ya dirisha kuukuu
na kusimama hatua tatu.
Tundu lenye mkia wa kushoto: bado.
Mkia wa juu: bado.
Jumapili, katikati ya tangazo la mnada wa matrekta,
tundu moja, na alama tatu za manyoya kulizunguka.
Reino akachungulia kupitia humo,
akaniona upande wa pili,
akaenda kuongeza kuni za sauna.

Sasa unakwenda polepole. Hatua arobaini
unashuka kabla ya kufika, naujua.
Ishirini na tano ndiyo haki yangu.
Akisimama ishirini na sita, aende zake.

Mia tano na kumi na mbili.
Mia tano na kumi na mbili.
Mia tano na kumi na tatu; nakwangua gundi.
Mia tano na kumi na mbili.
Wa mwisho ni ule wa mwaka jana,
nimeutia shaba ileile, kigumba kilekile.
Mia tano na kumi na sita.

Nageuza. Naupeleka kwenye taa.
Chini ya unyoya, gundi ilipoachia,
kuna ukoko mweusi. Na nimeuosha mara ngapi.
Chembe nne.
Kisu kiko hapa, karibu na kikombe.

Reino anaita, mawe yamepata moto.
Mishale kumi na mmoja naitia podoni.
Ugwe una uzi uliochakaa, kesho niupake nta.
Ule mwingine nauacha sahanini,
na sindano haijatulia:
nne, tano, nne.